Si kila anayekufoloo umrudishie

MEZA YA BIASHARA
Na Zainabu Mkwizu

Yuko msusi mmoja wa Sinza mwenye wafuasi wanaopita elfu sita Instagram. Mikono yake ni hodari, picha zake safi, lakini akipandisha mtindo mpya, laiki thelathini zinapatikana kwa tabu. Nilipofungua orodha ya anaowafoloo yeye, nikakuta ameshagonga 7,500, ambao ndio ukomo wa Instagram. Akitaka kumwongeza mtu mmoja, sharti amtoe mwingine.

Wafuasi hao aliwapata kwa njia inayojulikana: nifoloo nikufoloo. Unaingia kwenye maoni chini ya picha ya msanii maarufu, unaandika kwamba unarudisha chapchap, na kufika jioni mmeshafoloana watu mia. Ukiwapitia mmoja mmoja utakuta muuza vijora, mpishi wa keki, fundi simu, dalali wa viwanja na kijana anayeuza mikeka ya kubeti. Wote wamekuja sokoni na bidhaa kichwani, mnunuzi hayupo. Wengine wako mikoa ambayo msusi wa Sinza hatakanyaga na chanuo lake.

Sitawacheka, maana mazoea haya yametoka kwenye adabu. Kwetu aliyekuchangia harusi unamchangia ya mwanawe, na daftari la majina linatunzwa kabatini miaka na miaka. Mfanyabiashara asiyerudisha foloo anaonekana anaringa, na kuna watakaomwambia hivyo wazi. Tofauti ni kwamba mchango ukirudi unarudi na pesa ya kununulia mchele. Foloo ikirudi, inarudi namba tupu.

Na hiyo namba inaweza kukuumiza. Tangu 2016 Instagram haipangi picha kwa kufuata saa zilipopandishwa. Bosi wake, Adam Mosseri, alieleza mwaka 2021 kwamba mtambo unakisia: mtu huyu akiona picha hii ataitazama kwa sekunde chache, ataipenda, atatoa maoni, ataihifadhi? Kisio hilo linatokana na alivyofanya huko nyuma. Sasa fikiria fundi simu aliyekufoloo ili umrudishie. Hajawahi kugusa picha yako hata moja, na mtambo umeshajua kwamba nywele zako hazimhusu. Una maelfu ya watu wa namna hiyo, na bado unashangaa mbona huonekani. Upande wako nao umeharibika: umewafoloo watu 7,500, kwa hiyo picha ya mteja wako aliyejipiga akiwa amependeza kwa kazi yako, tena akakutaja jina, inazama katikati ya matangazo ya mafuta ya kurefusha ndevu.

Kulikuwa na wakati desturi hii ilikuwa na maana. Katika kampeni ya Marekani ya 2008, akaunti ya Barack Obama kule Twitter ilikuwa ikiwafoloo watu waliomfoloo, na mpaka leo bado inafuata mamia ya maelfu. Mtandao ulikuwa mchanga, kurudishiwa na mgombea kulikuwa ni habari ya kusimulia. Kisha wajanja wakaingia. Kenya wakapanga treni: majina yanawekwa kwenye uzi mmoja, kila abiria anamfoloo mwenzake, kesho treni nyingine. Twitter ikawa inapambana na watu wa foloo na kutoa, hata Aprili 2019 ikashusha kiwango cha kufoloo kwa siku kutoka akaunti 1,000 hadi 400. Mwaka huohuo, mamlaka ya biashara ya Marekani ikamalizana na kampuni ya Devumi na mwenye nayo, waliokuwa wakiuza wafuasi bandia, kwa hukumu ya dola milioni 2.5. Hao walikuwa na wateja waliolipa pesa taslimu kununua watu wasiokuwepo. Sisi tunawanunua kwa muda wetu, na sina hakika nani kaibiwa zaidi.

Kwa upande wa pili kuna KFC. Mwaka 2017 mtu mmoja aligundua kwamba akaunti yao ya Twitter, yenye wafuasi zaidi ya milioni, ilikuwa inafoloo watu 11 tu: wanamuziki watano wa Spice Girls na wanaume sita wenye jina Herb. Ulikuwa utani juu ya mapishi yao ya mimea na viungo 11, yaani herbs na spices kwa Kiingereza. Muuza vijora hana ubavu wa utani wa gharama hiyo, lakini sijasikia mla kuku aliyesusa kwa kuwa hakurudishiwa foloo.

Basi umfoloo nani? Wanaokuletea mzigo, ili ujue kontena limefika kabla ya jirani. Wateja wanaokutaja kwenye picha zao. Maduka ya mtaa wako, maana mteja akikosa kwako anaulizia la karibu. Mshindani wako pia, ila huyo mfoloo kwa akaunti ya mdogo wako.

Na wale maelfu? Nilimwambia msusi awatoe, akashtuka: na wao watanitoa. Watakutoa, ndiyo. Instagram ina orodha ya watu usiogusana nao sana, ipo palepale ulipoorodheshewa unaowafoloo. Aanzie hapo, na aende polepole, kwa sababu ukiwatoa kwa fujo mtambo unadhani wewe ni roboti na unakusimamisha. Programu zinazokuomba nywila eti zikuonyeshe nani kakutoa, usizisogelee. Akaunti nyingi za biashara zimeporwa kupitia mlango huo, na mwenye duka anabaki kutangaza kwa marafiki kwamba anayeomba pesa si yeye.

Mfuasi wa kweli hadai foloo. Anadai bei. Nimeshaona maduka yanayomrudishia kila mtu, ukiuliza gauni ni shilingi ngapi unajibiwa "njoo DM", ukienda DM kimya siku mbili. Huko ndiko kuringa kwenyewe. Mwenye duka aliyeandika bei chini ya picha, akataja ghorofa na mtaa Kariakoo, akaeleza mzigo wa Mwanza unapanda basi la saa ngapi na nauli yake, ameniheshimu kuliko aliyenifoloo. Mimi huwa sinunui kitu chenye bei ya siri. Nahisi inapimwa kwa kutazama picha yangu.

Upo mtandao mmoja ambako kurudishiana kuna faida ya wazi, nao hatuuiti mtandao wa biashara ingawa nusu ya biashara zetu zinapita humo. Kwa kawaida, status ya WhatsApp anaiona mtu uliyemsevu ambaye naye amekusevu. Upande mmoja ukikosa, haonekani mtu. Ujumbe wa kutuma kwa wengi kwa mpigo nao ni hivyohivyo: orodha moja inabeba hadi watu 256, na unawafikia tu wenye namba yako kwenye simu zao. Kwa hiyo mama wa mitumba pale Karume akimaliza kufunga mzigo, anamwambia mteja, "Nisevu dada, mabelo yanafunguliwa Jumanne." Naye anamsevu papo hapo: Asha Mbagala, viatu 38, hapendi visigino. Hapo pande zote mbili zina sababu. Asha anataka kuwahi kamera ya kwanza, yaani kuchagua kabla ya wengine, mama anataka kumuuzia kabla vumbi halijatua.

Tatizo linaanza pale magrupu ya nisevu nikusevu yanapoingia na huku, na simu inajaa namba za watu wasiojuana, kila mmoja akirusha status sitini kwa siku. Ni treni ileile, imebadilisha reli tu.

Kingine kuhusu namba za simu: haziko mikononi mwa mwenye mtandao. Mei 2025 X, iliyokuwa Twitter, ilipofungwa Tanzania, waliokuwa wanauza huko walibaki na VPN au na kumbukumbu. Mwenye majina na namba za wateja daftarini alipiga simu na kuuza.

Ila ukimsevu mteja, mwambie, na usimtumbukize kwenye grupu la watu mia mbili bila kumuuliza. Namba ni yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu Mei 2023, na haikuandikwa kwa ajili ya mabenki peke yake. Akisema hataki matangazo, mpe chenji yake na mfuko aende.