SIMU IMEKUFA, FIDIA IKO WAPI?



Mteja wa simu ya mezani akichelewa kulipa, hukatiwa laini bila ya huruma. Jee, laini ikifa wiki nzima nzima, nani humtoza faini mwenye kampuni?

Jambo hili ni letu. Miongoni mwa wafanyao biashara Kariakoo wamo ndugu zetu wa Unguja na Pemba. Simu ikinyamaza Mtaa wa Kongo, hasara hufika Darajani na Chake Chake.

Huambiwa: waya za shaba zimeibiwa. Kwani mwizi ni mteja? Na mbona ankara haiibiwi?

Sheria ya Mamlaka ya Mawasiliano ya mwaka 2003 haikumwacha mnyonge mikono mitupu. Alalamike kwanza kwa kampuni. Akipuuzwa, aende kwa Mamlaka. Asiporidhika, ipo rufaa kwenye Baraza la Ushindani.

Basi kila mmoja wetu aandike tarehe ya kukatika, adai nambari ya malalamiko, ahifadhi ankara. Asiye na karatasi hurudishwa mlangoni.

Kuombwa radhi si kulipwa. Hatutaki sadaka, twadai haki yetu.