Kamusi Si Hati ya Ruhusa

Mwezi Novemba 2015 wachapishaji wa kamusi za Oxford, huko Uingereza, walitangaza neno lao la mwaka, na watu wengi wakapigwa na butwaa kwa sababu lililotangazwa halikuwa neno hata kidogo. Ilikuwa ni picha ndogo ya uso wa manjano unaocheka hadi kutoa machozi, mojawapo ya zile picha ziitwazo emoji ambazo watu hutumiana kwa simu. Miaka minne kabla ya hapo, Machi 2011, Kamusi ya Kiingereza ya Oxford ilikuwa imekwisha kuingiza vifupisho "OMG" na "LOL", cha kwanza kikiwa ni mshangao wa kumtaja Mungu, na cha pili kikiwa na maana ya kucheka kwa sauti.

Tangu wakati huo zimekuwa zikitolewa hoja mbili, na zote zinasikika hata katika vyumba vya walimu nchini Tanzania. Ya kwanza ni ya wale wanaolia kwamba Kiingereza kimeharibika na kwamba simu za mkononi ndizo zilizokiharibu. Ya pili ni ya wale wanaodai kwamba, maadam Oxford wamekubali, mwalimu wa sekondari anayemkata alama mwanafunzi aliyeandika "u" mahali pa "you" anang'ang'ania mambo ya kale. Hoja hizi zinaonekana kupingana, lakini zimejengwa juu ya kosa moja. Zote mbili huichukulia kamusi kana kwamba ni Gazeti la Serikali, ambamo jambo likishachapishwa huanza kuwa na nguvu ya sheria.

Kiingereza hakina chombo cha namna hiyo. Wafaransa wana Akademia yao tangu mwaka 1635, na Kiswahili nchini Tanzania kina Baraza lake, BAKITA, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967. Waingereza hawakupata kuunda baraza la lugha yao, ingawa wapo waliolidai. Kwa hiyo mtunga kamusi wa Oxford hufanya kazi inayofanana zaidi na ya karani wa sensa: huhesabu waliopo. Neno likionekana kwa miaka kadhaa, katika maandishi ya watu mbalimbali wasiofahamiana, huliandika pamoja na tarehe na mahali lilipoonekana. Kamusi hiyo hiyo imeandika pia matusi mengi ya Kiingereza, yale ya nguoni na yale ya kawaida, na hakuna mtumishi wa umma aliyewahi kudai kwamba, kwa vile tusi limo katika Oxford, basi anayo haki ya kuliandika katika barua kwa Mkuu wa Mkoa.

Hata habari zenyewe zilizosambazwa mwaka 2011 zilikuwa na chumvi. Ilivumishwa kwamba alama ya moyo imeingizwa katika kamusi. Kilichoingizwa ni maana mpya ya neno la Kiingereza la "moyo" likitumika kama kitenzi, yaani kupenda, maana iliyotokana na watu kuisoma kwa sauti ile alama ya moyo iliyokuwa imeenea katika fulana na vibandiko tangu jimbo la New York lilipoitumia katika matangazo ya utalii mwaka 1977. Alama ilizaa neno, na neno ndilo lililoandikishwa.

Wanaolia kwamba Kiingereza kinakufa nao wangefaa kutazama tarehe. Mfano wa kwanza wa "OMG" uliomo katika kamusi hiyo umetoka katika barua ya mwaka 1917 aliyoandikiwa Winston Churchill na Lord Fisher, aliyepata kuwa mkuu wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Mwandishi huyo alikuwa mzee wa miaka 76, na wala hakuwa na simu mfukoni. "LOL" nayo ilikuwa na maisha mengine kabla ya haya, kwani tangu mwaka 1960 ilitumika kumtaja bibi kizee. "O.K.", ambayo leo hutamkwa na watu wa kila lugha, Waswahili wakiwamo, ilichapishwa na gazeti moja la Boston, Marekani, mwezi Machi 1839, wakati ambapo vijana wa mji huo walikuwa na mtindo wa kuandika maneno makosa kwa makusudi na kuyafupisha kwa mzaha. Mizaha mingine yote ya mtindo huo imesahauliwa; huo mmoja umeitawala dunia.

Malalamiko nayo ni ya siku nyingi. Mwaka 1710 Jonathan Swift, mmoja wa waandishi wakubwa wa Kiingereza, aliandika katika gazeti la The Tatler akiwashutumu watu waliokuwa wakikata maneno katikati na kuacha silabi moja. Mojawapo ya maneno yaliyomchukiza ni "mob", lililokatwa kutoka maneno ya Kilatini. Leo "mob" ni neno la kawaida kabisa kwa maana ya kundi la watu wenye ghasia, na mwalimu wa Kiingereza angemsahihisha mwanafunzi ambaye angeliandika kwa urefu wake wa zamani. Lakini vifupisho vingine alivyovishutumu Swift katika makala hiyo hiyo vilikufa bila ya msaada wake. Lugha ilichagua yenyewe, taratibu, na haikumsikiliza yeye wala wapinzani wake.

Vifupisho vya simu vina asili ya kawaida kabisa. Mwaka 1985 mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, alipiga chapa sentensi mbalimbali, akahesabu herufi zake, akaona kwamba 160 zinatosha kwa habari nyingi ambazo watu hupelekeana. Ujumbe wa kwanza ulitumwa Uingereza Desemba 1992, nao ulikuwa salamu ya Krismasi. Ujumbe ulipovuka herufi 160 ulihesabiwa kuwa ni ujumbe wa pili na kulipiwa hivyo, na vitufe vya simu za wakati ule vilikuwa na taabu yake: ili kupata herufi "s" ilibidi kitufe cha 7 kibonyezwe mara nne. Mtu mwenye haraka na senti chache akafanya kile ambacho wazee wake walikifanya kwa simu za maandishi za Posta, zilizolipiwa kwa neno, na ambazo kutokana nazo walijifunza kutangaza msiba kwa maneno manne.

Wala haifai watumishi wa umma wajifanye kwamba wao ni wageni wa vifupisho. Hakuna barua ya Serikali inayotoka bila ya "S.L.P." na "Kumb. Na.", wala bila ya ile "Yah:" ambayo baadhi ya makarani wameiandika kwa miaka thelathini pasipo kujiuliza kirefu chake. Vifupisho hivi havimkeri mtu kwa kuwa anayeviandika na anayevisoma walikwisha kukubaliana juu yake zamani, na kila mmoja wao anajua mahali pake.

Hapa ndipo suala linapowahusu walimu, na linahitaji kutazamwa kwa makini, kwa maana kuna faraja inayoletwa kutoka Uingereza ambayo haifai kupokelewa jinsi ilivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Coventry walichapisha mwaka 2009 uchunguzi wa watoto 88 wa Kiingereza wenye umri wa miaka 10 hadi 12. Watoto hao waliombwa waandike ujumbe ambao wangeutuma katika hali mbalimbali, kisha wakapimwa uwezo wao wa kusoma. Ilionekana kwamba waliotumia vifupisho kwa wingi zaidi hawakuwa nyuma ya wenzao, bali walielekea kusoma vizuri zaidi. Maelezo yake hayana ugumu. Ili mtoto aandike "gr8" lazima kwanza asikie kichwani mwake kwamba sauti ya "nane" kwa Kiingereza imo ndani ya neno "great". Anacheza na neno ambalo tayari ni lake.

Lakini neno hilo ni lake kwa sababu alilisikia jikoni kwa mama yake kabla hajaenda shule. Mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya Serikali kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia, historia na jiografia zote zinafundishwa kwa Kiingereza, hana neno hilo. Analitafuta. Na vifupisho vinavyomfikia kwa njia ya simu vina ila moja mbaya sana kwake: vinafuta mipaka ile ile ambayo mwalimu anahangaika kuichora. Tarakimu 2 huandikwa mahali pa maneno matatu ya Kiingereza, "to", "too" na "two", ambayo mwalimu anaweza kutumia muhula mzima kuyatenganisha. "Ur" husimama mahali pa "your" na pia mahali pa "you are", yaani umilikaji na kitenzi vimetiwa katika gunia moja. Mtoto wa London akiandika "ur" ameficha tofauti anayoijua. Mtoto wa Tandahimba akiandika "ur" huenda hajawahi kuiona tofauti hiyo, na mwalimu anayesahihisha daftari hana njia ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili limetokea.

Kwa ajili hiyo, mwalimu anayeweka kalamu nyekundu juu ya "ur" si mshamba, wala hapingani na Oxford. Anadai kuonyeshwa kwamba mwanafunzi anakijua kirefu. Akishaonyeshwa, anaweza kuvitumia vifupisho hivyo hivyo kuwa somo: avitoe ubaoni, awaambie wanafunzi waviandike kwa ukamilifu, na awaulize kila "2" ni ipi. Dakika kumi za zoezi hilo zina faida kuliko nusu saa ya hotuba juu ya uovu wa simu, ambayo wanafunzi huisikiliza huku simu zikiwa zimefichwa mabwenini.

Mamlaka ya mitihani ya New Zealand ilipata kulikabili jambo hili mwaka 2006. Ilieleza kwamba jibu lililoandikwa kwa vifupisho vya simu linaweza kupewa alama iwapo linaonyesha kwamba mtahiniwa ameelewa, lakini si katika mitihani ambayo lugha yenyewe ndiyo inayopimwa. Kelele zilipigwa, ingawa ukiutazama uamuzi huo kwa utulivu utaona una mantiki: mtihani wa kemia unapima kemia. Hata hivyo nchi ile inafundisha kwa lugha ya nyumbani ya watoto wake walio wengi. Nchini Tanzania kila mtihani wa sekondari unaoandikwa kwa Kiingereza huwa pia, kwa siri, ni mtihani wa Kiingereza, na mtahiniwa anayefupisha huenda akakosa alama kwa sababu tu msahihishaji hakumwelewa.

Kiswahili nacho kimeguswa, na kwa namna ya ajabu. Vijana huandika "m2" kwa maana ya mtu na "w2" kwa maana ya watu. Ili maandishi hayo yasomeke, tarakimu 2 lazima itamkwe kwa Kiingereza, kwa maana mwenye kuitamka kwa Kiswahili atapata "mmbili". Wapo waandikao "xaxa" badala ya sasa, wakitumia herufi ambayo haimo katika alfabeti ya Kiswahili sanifu. Ni rahisi kuiita hiyo kasumba. Lakini mwenye kuhesabu vitufe vya simu za zamani ataona kwamba "sasa" ilihitaji mibonyezo kumi, na "xaxa" sita tu. Simu hizo zinaondoka na hesabu hiyo haina maana tena, nayo "xaxa" itaonyesha sasa kama ilikuwa ni haja au ni mapambo.

Ofisini hatari ni ya aina nyingine, kwa kuwa huko kifupisho au alama inaweza kumfunga mtu. Mei 2012, mbele ya tume ya uchunguzi huko London, ilielezwa kwamba David Cameron, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alikuwa akimalizia ujumbe wake kwa "LOL" akidhani ina maana ya mapenzi tele, mpaka alipoambiwa kwamba ni kicheko. Yeye alipata aibu tu. Mkulima mmoja wa jimbo la Saskatchewan, Kanada, alipata hasara. Mwaka 2021 alipelekewa kwa simu mkataba wa kuuza kitani, naye akajibu kwa picha ya kidole gumba kilichoinuliwa. Mzigo haukufika. Alipopelekwa mahakamani alijitetea kwamba kidole kilikuwa na maana ya kuwa ameupokea ujumbe. Mahakama, mwaka 2023, ilitazama jinsi yeye na mnunuzi walivyokuwa wakiandikiana hapo awali, ikaamua kwamba kidole hicho kilikuwa sahihi yake, na kumtaka alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Mahakama ya Rufani ya jimbo hilo iliuthibitisha uamuzi huo mwaka 2024.

Tanzania inayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayoyatambua maandishi ya kielektroniki, na watumishi wa ofisi nyingi wana makundi yao ya simu ambamo mkuu wa idara huandika agizo na walio chini yake hujibu kwa kidole gumba. Kidole hicho kinaweza kumaanisha kwamba agizo limesomwa, au limekubaliwa, au limekwisha kutekelezwa. Ofisi yo yote inaweza kukaa saa moja na kuandika waraka wa nusu ukurasa ukitaja ni maana ipi kati ya hizo tatu inayotumika humo, na ni mambo gani, kama vile fedha na likizo, ambayo hayajibiwi kwa kidole kabisa.