Kichocheo ni kama kahawa ya Mbinga, kazi ipo kwenye maandalizi

Leo ni stori za maabara, ila msikimbie, zinatuhusu wote.

Projekti yangu ya mwaka wa mwisho ni kutengeneza kichocheo kigumu chenye asidi kwa kutumia maganda ya kahawa ya kwetu Mbinga. Kinageuza asidi za mafuta kuwa dizeli ya mimea, halafu unakichuja na kukitumia tena. Asidi ya maji huwezi, tena inakula vyombo. Wazo si langu. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwenye jarida la Nature kwamba hata sukari inafaa: unaichoma bila hewa kwa nyuzi 400 hivi, kisha unaipika na asidi kali ya salfuriki.

Nikaanza kwa mbwembwe. Mara ya kwanza matokeo yakawa moto wa kuotea mbali. Nikachuja, nikarudia: hola! Kumbe sikuosha vizuri. Asidi iliyobaki juujuu ndiyo iliyokuwa inapiga kazi, ikaondoka na methanoli. Mkupuo wa pili nikapandisha moto kupita kiasi, mkaa ukakomaa, asidi ikakosa pa kushika. Na maganda ni yaleyale!

Nikamkumbuka bibi. Kahawa iliyomenywa siku ya kuchumwa, ikavundikwa kwa muda wake, ikaoshwa na kuanikwa mezani, haifanani na iliyolala kwenye gunia, hata kama mti ni mmoja. Teremka Mbamba Bay ziwani: usipa wa chanjani na usipa wa mchangani ni samaki yuleyule, ila wa pili unatafuna na mchanga.

Sasa ripoti tunazorithi kwa kaka na dada zetu zinataja jina la kichocheo na asilimia, basi. Moto nyuzi ngapi? Kwa saa ngapi? Kiliooshwa mpaka maji yakaacha kuchafuka ukidondoshea kloridi ya bari? Kimya. Kila mwaka tunaanza moja.

Jamaa mmoja ananishauri niandike ile namba ya kwanza tu, eti maksi zipo kwenye matokeo. Kweli zipo. Lakini namba hiyo ni ya uchafu, si ya kichocheo. Jumatatu nawasilisha zote, na ile hola ikiwemo, na nyuzi zake. Anayekuja baada yangu asiunguze maganda bure.

Naomba kutoa hoja. Niombeeni!