Draiva ya NVIDIA: Tupewe, lakini Tuambiwe Ukweli

Wasee wa Linux, leo nitawakera kidogo. Kuna watu wanasema draiva ya NVIDIA isikanyage kwenye mfumo huria kwa sababu msimbo wake umefungwa. Mimi nasema iwekwe, tena ipatikane kirahisi.

Niko Kericho. Huku wengi wetu tunahariri video kwa laptopu za mitumba. Kadi ya grafiki tuliikuta tu humo ndani, hakuna aliyetuuliza tunataka gani. Draiva huria, nouveau, ni kazi safi ya watu wa kujitolea. Lakini kwa kadi kama GTX 960 na GTX 1050, NVIDIA ilifunga mlango: bila faili zenye sahihi yake, nouveau haiwezi kuipandisha kadi mwendo. Kadi iko, lakini inatambaa.

Fedora nayo haiweki draiva zilizofungwa kwenye ghala lake. Ndiyo maana kuna RPM Fusion, ghala la pembeni la watu wa kujitolea. Tangu Fedora 28, mwaka 2018, unaweza kuliruhusu likuletee draiva hiyo kwa kubonyeza tu. Kerneli ikibadilika, moduli inajengwa upya yenyewe. Ukimnyima kijana njia hiyo, hataacha kuhariri video. Ataokota faili popote kwa bando yake, halafu sasisho likija abaki na skrini nyeusi.

Lakini rahisi isiwe siri. Mkulima mdogo wa chai pale Litein au Kapkoros ana hisa kiwandani. Anaweza kusimama mkutanoni aulize majani yake yameuzwaje. Kwa draiva iliyofungwa hauna hisa wala mkutano. NVIDIA ikisema kadi yako imezeeka, basi. Kadi za Kepler ziliachwa 2024. Na msimbo wa kerneli iliofungua 2022 unasaidia kadi za Turing kwenda juu, si hizi zetu za zamani.

Kwa hivyo tupewe kitufe, na juu yake sentensi moja wazi: hii si huria, ni NVIDIA pekee anayejua ndani kuna nini, na siku moja itaachwa. Sai nitabonyeza, kwa sababu nina video za kumaliza. Lakini laptopu ijayo nitauliza kadi kabla ya bei: AMD na Intel draiva zao huria ziko tayari ndani ya kerneli.

Wewe je, ungebonyeza?