Maili 50 kwa Saa Kwenye M4: Majibu kwa Wanaopinga

Barabara ya M4 inapofika Port Talbot, kusini mwa Wales, hupanda juu ya nguzo za zege na kupita karibu mno na mapaa ya nyumba za watu. Juni 2018 serikali ya Wales iliweka hapo, kati ya makutano namba 41 na 42, kikomo cha maili 50 kwa saa, yaani kilomita 80. Kikomo cha kawaida cha barabara za aina hii Uingereza ni maili 70. Hatua hiyohiyo ilichukuliwa Newport, na kwenye vipande vya barabara karibu na Pontypridd, Wrexham na Deeside. Sababu ilikuwa gesi ya nitrojeni daioksidi itokayo kwenye moshi wa magari: wastani wake wa mwaka ulikuwa umevuka mikrogramu 40 kwa kila mita ya ujazo, kiwango ambacho sheria hairuhusu kivukwe.

Kikomo kilianza kama jambo la muda. Hoja ya kukifanya cha kudumu ndiyo iliyowasha moto, na madai ya wapinzani ni yaleyale kila mahali. Nayajibu kwa sababu yanahesabu dakika za mpita njia na kumsahau anayelala hapo.

Dai la kwanza: tunapotezewa muda. Tupige hesabu. Maili 5 kwa mwendo wa 70 ni dakika 4 na sekunde 17. Kwa mwendo wa 50 ni dakika 6 kamili. Tofauti haifiki dakika mbili, tena ni pale barabara ikiwa nyeupe. Asubuhi pale Newport, magari yanapobanwa kuingia kwenye mahandaki ya Brynglas yenye njia mbili tu kila upande tangu 1967, hakuna anayefikisha 70 hata kibao kikimruhusu. Msomaji wa Kenya anaijua vizuri kilomita 80 kwa saa: ndiyo kasi ya juu ya matatu na mabasi tangu Sheria za Michuki zilipoanza kazi mwaka 2004 na vidhibiti mwendo vikafungwa. Abiria wa Mombasa husafiri kwa mwendo huo kutwa nzima. Dereva wa Wales anaombwa maili chache.

Dai la pili ndilo linalorudiwa zaidi, na lina chembe ya ukweli: eti gari likipunguza mwendo hutoa moshi zaidi. Ni kweli kwa gari lililo kwenye foleni, linaloenda hatua mbili na kusimama. Lakini kilomita 80 kwa saa si mwendo wa foleni. Gari liko kwenye gia ya juu na injini imetulia. Ukitoka maili 50 kwenda 70, upinzani wa hewa unakaribia kuongezeka maradufu, maana hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo. Injini inalazimika kuchoma mafuta mengi zaidi, na ndani ya silinda joto kali ndilo linalounganisha nitrojeni na oksijeni za hewa ya kawaida na kuzaa gesi hii. Nakubali kwamba saa za msongamano kikomo kinasaidia kidogo tu. Faida yake kubwa iko saa nyingine zote, usiku ukiwemo, na wastani wa mwaka unabeba saa zote.

Wapo wanaosema tuamini vipimo vya watengenezaji magari kwamba injini za kisasa ni safi. Septemba 2015 dunia iligundua kwamba Volkswagen iliziwekea dizeli zake programu ya kutambua kwamba ziko kwenye kipimo. Maabarani zilikuwa safi, barabarani zilimwaga gesi hii kupita kiasi. Mimi naamini zaidi kijibomba cha plastiki, kidogo kama kidole, kinachofungwa kwenye nguzo ya taa mdomo ukitazama chini. Hukaa pale kama wiki nne kikinyonya hewa ileile anayovuta mtoto anayepita chini yake, kisha hupelekwa maabara.

Port Talbot wanasema mchafuzi ni kiwanda cha chuma. Vumbi la kiwanda, hadi matanuru yake yalipozimwa mwaka 2024, lilikuwa kero ya kweli na lilikuwa na madai yake. Ila Pontypridd hakuna tanuru la chuma, na kikomo kiliwekwa huko pia kwa sababu ileile.

Kuhusu faini: kamera hizi hupiga picha gari likiingia na likitoka, zikapima wastani wa mwendo. Anayefuata kibao hatoi hata senti. Na fedha za faini za mwendo huenda Hazina ya Uingereza kule London, hazibaki kwa serikali ya Wales inayotuhumiwa kujitengenezea mradi.

Dai zito kuliko yote ni hili: magari ya umeme yanakuja, kwa nini kikomo kiwe cha kudumu? Kwanza, gari la dizeli lililonunuliwa jana litakuwa barabarani miaka mingi ijayo. Pili, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza kutoka mikrogramu 40 hadi 10, kwa hiyo kufikia 40 ya kisheria bado ni mbali na usalama. Tatu, hata gari la umeme linasaga tairi na kuacha vumbi hewani. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo jijini London aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo cha Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa miaka 9 mwenye pumu aliyeishi karibu na barabara ya South Circular. Alifariki mwaka 2013. Mtoto kama huyo hawezi kuambiwa asubiri teknolojia.

Kudumu nako si kufungwa milele. Overschie, kitongoji cha Rotterdam, kiliwekewa kilomita 80 mwaka 2002 kwenye barabara ya A13. Mwaka 2012 serikali ya Uholanzi ikapandisha hadi 100, wakazi wakapigana, na baadaye 80 ikarudi. Tofauti ni kwamba kikomo cha kudumu kinamlazimu anayetaka kukiondoa alete ushahidi.

Mwisho, wanalalamika kwamba vibao vilisimikwa kabla ya wananchi kuulizwa. Malalamiko haya nayaheshimu. Lakini mwaka 2018 taasisi ya sheria za mazingira ya ClientEarth iliifikisha serikali ya Wales mahakamani, na serikali ikakiri kwamba ilikuwa inavunja sheria. Muda wa kungoja ulikuwa umekwisha. Na kukusanya maoni si kupiga kura: wapita njia daima watawazidi kwa idadi wakazi wa mtaa mmoja. Serikali ichapishe namba za kila kijibomba, mwezi kwa mwezi, kabla na baada ya 2018, na igonge kila mlango ulio jirani na barabara kabla ya kufunga daftari la maoni.