Udongo Ulio Chini ya Nyumba

Ni furaha iliyoje kwa baba na mama wa Lubumbashi kupata parsele yao wenyewe! Lakini leo twataka kuwauliza jambo moja: je, mwajua udongo wake umetoka wapi?

Mji wetu ulizaliwa na shaba. Ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la kuyeyushia shaba likaanza kazi. Pepo za kusini-mashariki zikapeleka moshi wake upande mmoja miaka mingi, hata miti ya Penga Penga ikafa na ardhi ikabaki uchi. Sasa mji umekua, na watu hutafuta pa kujenga hata kwenye ardhi zilizoachwa na migodi na viwanda.

Hatusemi ardhi hizo zisijengwe kamwe. Twasema zitayarishwe kwanza. Na kutayarisha si kufyeka na kusawazisha tu. Taka za jikoni huoza, lakini risasi, kadimi na arseniki haziozi. Tinga likisawazisha lundo la mabaki ya madini, laieneza sumu mahali pote.

Anayeumia kwanza ni mtoto, kwa maana huchezea mavumbi na kutia vidole kinywani. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba wakaao karibu na migodi na viwanda vya madini katika Katanga walikuwa na metali nyingi katika mkojo wao. Huko Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994. Hata hivyo watoto waliozaliwa baadaye wamekutwa na risasi katika damu.

Basi yafaa kufanya nini? Kwanza, tuwaulize wazee mahali hapo palikuwa nini. Pili, udongo upimwe mahali pengi, juu na chini, na maji ya kisima vilevile. Tatu, udongo mbaya uondolewe, au ufunikwe kwa udongo safi, kisha nyasi zipandwe ili upepo usiufukue. Huko Penga Penga wataalamu wetu wamejaribu kutia chokaa na mboji, na nyasi zinazovumilia shaba zikaota. Nne, mashimo yajazwe tabaka kwa tabaka na kushindiliwa, la sivyo kuta zitapasuka.

Kazi hii haiwezi kubebwa na familia moja. Aliyechimba na anayeuza, pamoja na serikali inayogawa viwanja, ndio wapasao kuifanya. Hati ya parsele yasema nani mwenye ardhi. Haisemi lolote juu ya udongo. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mnunuzi adai pia karatasi ya vipimo.

Nao waliokwisha kujenga wasikate tamaa. Wafunike ua kwa saruji au nyasi, wapige deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia vumbi, wanawishe watoto kabla ya kula, wala wasifyatue matofali wala kupanda lengalenga katika udongo wasioujua.

Shaba ya nchi yetu imekwenda mbali na kuwatajirisha wengi. Si haki watoto wetu waachiwe sumu yake tu.