Kifungu Tulichokipitisha Bila Kukisoma

Muulize mtu mzima wa Kibokoni au Kuze, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, alikuwa akitetea nini Agosti 4, 2010, siku ya kura ya maamuzi juu ya Katiba mpya. Atakujibu bila kufikiri: Mahakama ya Kadhi. Na ana haki ya kujibu hivyo. Kadhi alikuwepo Pwani kabla ya jina la Kenya. Mkataba wa 1895 baina ya Sultani wa Zanzibar na Waingereza ulimlinda, na makubaliano ya 1963 yakamwingiza katika nchi huru. Kisha Mei 2010, chini ya miezi mitatu kabla ya kura, majaji wa Nairobi wakasema kifungu cha Kadhi katika Katiba ya zamani kinapingana na Katiba yenyewe. Watu wakahisi wananyang'anywa cha babu. Pwani ikaitikia kijani, rangi ya Ndiyo, kwa wingi, Katiba ikapita kwa takriban thuluthi mbili ya kura zote, na Kadhi akabaki.

Lakini upande wa nyekundu, wa Hapana, uliopigiwa debe na makanisa makubwa na William Ruto, wakati ule waziri wa elimu ya juu, ulikuwa na malalamiko mawili makuu. La kwanza lilikuwa Kadhi. La pili lilikuwa kutoa mimba. Sisi tulilijibu la kwanza kwa sauti ya juu na la pili tukalinyamazia. Leo, kila wanasiasa wanaporudi kuwatajia watu kura ya maamuzi nyingine, na wengine kuahidi kukifuta au kukilegeza kifungu cha kutoa mimba, mabaraza ya Mji wa Kale yanabishana kuhusu maneno ambayo wengi wetu hatujapata kuyasoma. Gazeti hili linapiga mbiu, kwa sababu ujinga huu unaua.

Basi tukisome. Kifungu cha 26 kinasema kila mtu ana haki ya kuishi, kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, na kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi. Kisha kinaacha mlango: isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyesomea kazi hiyo, panahitajika matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Ni hayo tu. Anayesema Katiba imehalalisha kila mimba kutolewa hakusoma, na anayesema imeharamisha kila mimba kutolewa hakusoma pia.

Sasa weka kifungu hicho kando ya Kanuni ya Adhabu, sheria tuliyoirithi kwa mkoloni. Kifungu cha 158 kinampa miaka 14 anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria. Cha 159 kinampa mwanamke mwenyewe miaka 7. Cha 160 kinampa miaka 3 anayetoa dawa au kifaa. Vyote vinasema "kinyume cha sheria", na hakuna hata kimoja kinachoeleza lipi basi ni halali. Polisi anaijua ile miaka 14. Tabibu wa zahanati ndogo anaijua pia, na ndiyo inayomtetemesha mkono mgonjwa anapoletwa saa nane za usiku. Wanaokijua kifungu cha 26 ni wachache.

Wizara ya Afya ilijaribu kuliziba pengo hilo mwaka 2012 kwa kutoa miongozo iliyowaeleza wahudumu mpaka wao uko wapi. Desemba 2013 miongozo ikaondolewa, na mwanzoni mwa 2014 mafunzo yakapigwa marufuku. Msichana mmoja aliyejulikana mahakamani kwa herufi tu, JMM, alibakwa akiwa mdogo, akatolewa mimba kwa njia isiyo salama, akaugua figo, akafariki 2018. Mwaka uliofuata majaji watano wa Mahakama Kuu wakasema kuondoa miongozo ile kulivunja haki, na wakaamuru mamake alipwe shilingi milioni 3. Fidia ya mtoto aliyekwisha kuzikwa.

Na kabla hatujajiambia hayo ni mambo ya bara, tutazame hapa jirani. Mwaka 2019 polisi waliingia katika zahanati ya Kilifi wakamkamata msichana wa shule aliyekuwa akitibiwa baada ya mimba kuharibika, wakamkamata na tabibu aliyemhudumia. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi ikasema kukamata wagonjwa na wahudumu kwa namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Uamuzi mzito, uliotolewa Pwani yetu wenyewe, na ni minbari ngapi za kisiwa hiki zimewahi kuutaja? Uamuzi wa jaji hukatiwa rufaa, unaweza kutenguliwa. Sheria ya Bunge ndiyo ingetuliza mambo, na Bunge limelikwepa jambo hili tangu 2010.

Mji wa Kale ni mji wa kuta zinazopakana. Kikohozi cha jirani unakisikia, na harufu ya biriani yake inakufikia kabla hajapakua. Mimba isiyotakiwa haina pa kujificha humu, ndiyo maana hupelekwa mbali: Likoni ng'ambo ya feri, Kisauni, kwa mtu asiyemjua mama wa binti. Huko kuna vidonge visivyojulikana vimetoka wapi, kuna mizizi, kuna vyuma. Binti hurudi amejifunika buibui, anajilaza chumbani, anasema ni tumbo la mwezi. Siku ya tatu homa inapanda. Hospitali Kuu ya Pwani iko kwenye kisiwa hikihiki, ni mwendo mfupi wa tuktuk kutoka Ndia Kuu, lakini kwa familia ile iko mbali kuliko Lamu, kwa kuwa njiani kuna polisi, kuna aibu, na kuna swali la nani baba. Huyo wa mwisho, tuseme wazi, hakuna anayemtafuta, wala mtaa haumuulizi.

Si hadithi za wachache. Utafiti wa Wizara ya Afya pamoja na kituo cha utafiti cha APHRC ulikadiria kwamba mwaka 2012 mimba karibu 465,000 zilitolewa nchini, na wanawake karibu 120,000 wakatibiwa kwa madhara yake. Marufuku ya mkoloni ilikuwepo wakati wote huo. Haikuzizuia. Ilizihamisha tu, zikaenda gizani.

Tunajua masheikh wetu watauliza dini iko wapi katika haya, na ni swali la haki. Gazeti hili halitetei mimba itolewe kwa kuwa tu haikutarajiwa. Mafakihi wamehitilafiana juu ya siku 40 na siku 120 za mimba, na wa Kishafi tulio wengi hapa si wa kauli moja. Lakini uhai wa mama unapokuwa hatarini kweli, hoja yao inajulikana: mama ni shina, kilichomo tumboni ni tawi, na shina haliachwi life kwa ajili ya tawi. Baraza la Fiqhi la Makka lilizungumza juu ya jambo hili mwaka 1990, na halikufunga kila mlango. Panapobaki mjadala wa kweli ni kwenye neno moja la Katiba, "afya", ambalo ni pana kuliko "uhai". Binti wa miaka 13 aliyebakwa, afya yake ni nini? Ya mwili tu, au na ya akili? Hapo masheikh, mapadri na madaktari wana kazi, nao waifanye mchana, mbele ya watu, badala ya kuwaachia wapiga debe.

Anayeahidi jukwaani kwamba atakifuta kifungu cha 26 awaambie watu na njia yake. Kifungu hicho kimo katika Sheria ya Haki, nayo haiguswi bila kura ya maamuzi. Ndivyo kisemavyo kifungu cha 255. Anayetaka kuanzisha kwa mkono wa wananchi anahitaji saini milioni moja. Kisha angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wajitokeze katika nusu ya kaunti, na wengi wakubali. Mpango wa BBI wa kubadili Katiba ulikuwa na nguvu zote za serikali nyuma yake, na bado Mahakama ya Juu iliuzuia Machi 2022. Safari ya miaka, hiyo, na katika miaka hiyo binti wa chumbani homa yake haingoji.

Ireland walipiga kura yao Mei 2018, asilimia 66.4 wakakubali kuondoa marufuku katika katiba yao. Wengi wao walikuwa wakimkumbuka Savita Halappanavar, aliyefariki hospitalini Galway mwaka 2012 mimba yake ikiharibika, madaktari wakiogopa sheria. Wao ilibidi wabadili katiba ndipo daktari apate kufungua mikono. Sisi yetu ilishabadilika tangu 2010, na daktari bado anaogopa. Kinachomwogopesha hakihitaji kura ya maamuzi kuondolewa. Bunge linaweza kuioanisha Kanuni ya Adhabu na Katiba kwa mswada wa kurasa chache. Wizara inaweza kutoa miongozo iliyo wazi kesho. Wabunge wa Mombasa, wakiwemo wa Mvita na Likoni, watuambie hadharani nani kati yao ataanza.

Na wewe mzazi unayesoma haya, kama nyumbani kwako yuko binti anayetokwa na damu au mwenye homa asiyoieleza, usimhoji kwanza. Mpeleke hospitali usiku huuhuu. Kifungu cha 43 cha Katiba uliyoipigia kura kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.